Figo ya Kulia

Jaro, Iloilo
Februari 9, 1997

Inday Glenda, mdogo wangu,

Barua hii ikukute umekaa na mto mgongoni, umekula. Sisi huku tupo. Nanay, mama yetu, magoti yanamsumbua, lakini sikukuu ya Candelaria haikumpita. Alisimama nje ya kanisa tangu asubuhi, akarudi analalamika kwamba malkia wa sikukuu wa mwaka huu ana shingo fupi. Mume wangu Domingo ameandika kutoka melini, Rotterdam. Huko ni theluji tupu, na anasema ameota anakula supu ya batchoy sokoni La Paz, akaamshwa kwenda zamu kabla hajamaliza bakuli.

Sasa mwanao. Najua Crisanto amekusimulia, lakini mume wako akiwa na hofu hasikii anachoambiwa. Nakueleza mimi, kwa sababu ndimi niliyeona.

Aliposhushwa kwenye ile ndege ndogo iliyomleta kutoka Cuyo alikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Hakuwa amekojoa tangu azaliwe. Kwenye mpira wa mkojo yalitoka matone tu, nayo mekundu. Daktari Sumagaysay wa watoto alimpapasa tumbo, upande wa kushoto akakuta kitu kigumu, akatuma niitwe, nije na mashine ya altrasaundi. Hakujua ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, akaniangalia.

"Utaweza, Daktari, au nimtafute mwingine?"

"Mwingine hayupo," nikamwambia, "na hata angekuwepo ningempima mimi."

Mtoto mahututi habebwi kupelekwa kwenye mashine, mashine ndiyo inamfuata. Niliisukuma mpaka kwenye kisanduku chake cha joto. Nikayapasha yale mafuta ya kupimia viganjani mwangu, maana yakiwa baridi mtoto mdogo kama huyu anaweza kushtuka akasahau kupumua. Figo ya kulia niliiona. Imevimba kidogo, inang'aa kuliko ini, na hilo si zuri, lakini damu inaingia na kutoka. Ya kushoto imekuwa kubwa mno. Nilipowasha rangi, ile inayoonyesha damu ikitembea, mshipa wa kutolea damu ulibaki mweusi. Damu imeganda humo ndani. Ndicho kile kitu kigumu.

Sikufichi, ni mgonjwa sana. Lakini wakati nashika kifaa kwa mkono mmoja, ule mwingine niliuingiza kwenye kidirisha cha kisanduku kumtuliza, naye akakishika kidole changu. Hakukiachia mpaka nilipomaliza.

Meli inaondoka Cuyo kila wiki. Njoo.

Manang wako,
Puring


Cuyo
Februari 21, 1997

Manang Puring, dada yangu,

Mpake Nanay mafuta ya nazi magotini na umwambie shingo za malkia azisamehe. Sisi wazima. Dada mtu, Marivic, ameng'oka jino la mbele, likamponyoka mchangani, ametushikisha sote ufagio kulitafuta. Korosho zimeanza kuiva. Mama mkwe yuko jikoni anapika uji wa kuku, na kwa jinsi anavyoupika nadhani kuku wa kisiwa hiki wataisha kabla sijapona mshono.

Barua yako Crisanto alinisomea kwanza, halafu nikamnyang'anya. Pale aliposhika kidole nimesoma mpaka karatasi imelainika.

Mimi sijamshika, Manang. Unalijua hilo? Waliponipasua akatolewa, mimi nilikuwa sina fahamu. Nilipozinduka ndege ilikuwa imekwisha kuruka. Wewe umeona mpaka figo zake, mimi sijaona hata sikio lake. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu jinsi ilivyo.

Basi niambie na mimi. Ana nywele? Nilimuuliza Crisanto akasema, "Anazo, za kutosha." Sasa hilo ni jibu la mtu mzima? Anafanana na nani? Analia sauti gani? Masikio yakoje?

Nitakuja na meli inayofuata. Kuna mambo madogo ya kumaliza hapa.

Glenda


Jaro
Machi 7, 1997

Inday,

Nanay anashukuru, magoti yamepoa. Huku umeme unakatika kila mara, hospitali tunaishi kwa jenereta.

Meli yenu ilifika. Nilikwenda bandarini na mwavuli na chungu cha pancit molo kwenye kikapu, nikijua tumbo la safari linataka supu. Nikawatazama watu mpaka yule wa mwisho, mzee mwenye jogoo. Supu tumekula mimi na Nanay.

Nakujibu uliyouliza. Nywele anazo, zimesimama utosini kama amepigwa na upepo. Sikio la kushoto limekunjika juu kama lako. Sauti yake ni ndogo, kwa sababu ana mpira kooni. Analia kwa uso.

Figo zote mbili zimelala. Amewekewa bomba tumboni. Maji yanamiminwa ndani, yanakaa, yanatolewa, na yanatoka na uchafu ambao figo zingeutoa. Manesi wanayabadilisha mchana kutwa. Mimi kila nikimpima natafuta kitu kimoja tu, kibofu. Mkojo kwenye kioo ni duara jeusi. Kibofu kikiwa kitupu huoni chochote, unapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Juzi lile duara lilikuwepo, dogo kama punje ya korosho. Nesi Josefa alipiga makofi mpaka akakaripiwa na mkubwa wake. Tangu siku hiyo wananiita mama wa kitanda cha dirishani.

Wanauliza pia mama mwenyewe yuko wapi. Nimewaambia yuko njiani. Uko njiani, Glenda?

Puring


Cuyo
Machi 19, 1997

Manang,

Salamu kwa wote, na Marivic anamsalimu bibi yake kwa meno aliyobakiwa nayo.

Sikuja. Nitakuja. Usiniulizeulize kama karani wa forodha.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni langu la nyumbani, lile la maua ya njano. Nimelivaa na kulilalia tangu barua yako ifike, sijalifua. Mkunjie mtoto karibu na uso. Mtoto humjua mama yake kwa harufu, hata wewe na vioo vyako huwezi kulikataa hilo.

Na hao manesi uwaambie mama wa kitanda cha dirishani yuko Cuyo.

Glenda


Jaro
Aprili 2, 1997

Inday Glenda,

Pasaka ilikuwa nzuri. Nanay alifuata maandamano ya alfajiri mpaka mwisho kwa miguu yake mwenyewe, halafu akalala siku nzima kama mtoto.

Tena nina habari njema, kaa vizuri. Wamemtoa bomba la tumbo, na mpira wa kooni umetoka. Figo ya kulia imeamka. Haing'ai tena kama kioo, mishipa yake kwenye rangi inatawanyika mpaka ukingoni kama matawi. Anakojoa, Glenda. Jana alinikojolea mkononi na kwenye kifaa cha mashine, na Daktari Sumagaysay, ambaye hacheki, akacheka.

Figo ya kushoto sina la kusema bado.

Gauni walilikataa. Kitambaa cha nyumbani hakiingii kwenye kisanduku, kina vijidudu. Nililichemsha kwa sabuni ya hospitali, nikalipiga pasi, ndipo wakaruhusu. Sasa analilalia.

Ananyonya chupa. Mimi ndiye ninayempa nikitoka zamu, kwa sababu akipewa na mwingine anatema. Akishiba ananitazama, halafu mdomo unapanda upande mmoja. Nesi Josefa anasema ni gesi. Si gesi.

Nimejitahidi kutouliza, lakini meli zinakuja na kurudi. Angekuwa wangu, ningekuja hata kwa kuogelea.

Nasikia Crisanto anakuja badala yako. Na akaribie.

Puring


Cuyo
Aprili 22, 1997

Manang,

Crisanto amerudi salama na maembe ya Guimaras, asante. Nanay nisalimie. Salamu zimekwisha.

Kwanza gauni. Nililala nalo, nikalilia, nikatokwa jasho nalo, kisha wewe ukalichemsha. Umemlaza mwanangu kwenye harufu ya sabuni ya hospitali, ambayo ndiyo harufu yako. Kama ungetaka kufanya hivyo makusudi usingefanikiwa zaidi.

Pili. Nilimuuliza Crisanto mtoto anaendeleaje, akaanza kuangalia dari. Nikamwambia, "Sema." Akasema juu ya kitanda kuna karatasi imeandikwa Isidro. Nikamwambia umesoma vibaya, au ni ya jirani. Akasema, "Nimesoma vizuri, na manesi wanamwita Sidro, na yeye anageuka."

Anageuka.

Jina lake ni Eleuterio, la baba yake Crisanto. Nilikuambia tangu tumbo halijaonekana, wewe ukasema ni jina la kizee, tukacheka. Isidro ni jina la Tatay, baba yetu, na sote nyumbani tunajua uliliweka kwa ajili ya nani. Mimi nisingeligusa hata kama Marivic angekuwa wa kiume, na sikuligusa kwa huyu, kwa sababu lilikuwa lako. Sasa umelichukua jina la mtoto wako ukamvisha wangu. Ulitaka nielewe nini?

Una mashine. Una chupa. Una kidole alichoshika na mdomo unaopanda upande. Una mpaka jina analogeukia. Mimi nimebaki na mshono.

Mama mkubwa si mama, Manang. Ni mkubwa tu.

Glenda


Jaro
Aprili 23, 1997

Glenda,

Sina salamu, Nanay mwenyewe amekaa hapa mezani ananitazama nikiandika.

Crisanto kabla ya kupanda meli alikunywa kahawa jikoni kwangu. Nilimtupia maneno. Nilimwambia, "Huyo mke wako anangoja mtoto aanze shule ndipo aje kumwona?" Akaweka kikombe chini, akalia. Yule mtu niliyemwona akicheka kwenye mazishi ya mjomba wake.

Nimeyajua yote sasa. Kwamba moyo wako ulipanuka baada ya kujifungua. Kwamba unalala umekaa kwa sababu ukilala chali pumzi inakatika, miguu imevimba, ngazi za nyumba yako unapandishwa. Kwamba daktari wa huko alikukataza meli tangu mwanzo, na maziwa yalikauka kwa ajili ya dawa. Na kwamba ulimwapisha Crisanto kwa msalaba wa mama yake asiniambie.

Nami nilikuandikia kwamba ningeogelea.

Mimi ni daktari, Inday. Kuna watu kumi ningeweza kuwauliza hapa kwenye korido tu. Umekaa huko na uji wa kuku na moyo uliochoka, unanitania juu ya jino la Marivic. Kwa nini? Niandikie dawa unazopewa na kiasi gani, zote, hata za mitishamba za mama mkwe. Na unijibu kwa nini.

Puring


Cuyo
Mei 14, 1997

Manang Puring,

Barua zetu zimepishana baharini, kila mmoja akiwa amekunja ngumi. Nadhani mtunza mizigo wa meli angeweza kuzisikia zikigombana kwenye gunia.

Hapa wote wazima isipokuwa mimi, kama unavyojua sasa. Marivic jino jipya limechomoza. Dawa zangu nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Daktari wa hapa anasema miguu imepungua, na usiku ninaweza kulala kwa mto mmoja. Crisanto nimemnunia, halafu nimemsamehe, maana hakuna mwingine wa kunipandisha ngazi.

Unauliza kwa nini.

Kwa sababu ungejua, ungeanza kumzoea. Usingesema, wewe si mtu wa kusema. Ungekuwa unasukuma mashine yako asubuhi, ukimwangalia, na mahali fulani ndani ungesema, maskini Glenda hatafika, basi huyu amekuja kwangu. Na usingekuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo. Ndicho kinachonikera. Ungekuwa na haki, ungemlea vizuri, na baada ya miaka angenitazama kwenye picha ukutani akiuliza huyu ni nani.

Nikaona heri unichukie kidogo. Mtu anayemlaani mama mzembe bado anamngoja bandarini na supu. Anayemhurumia marehemu haendi bandarini.

Sijakusamehe jina. Nisimulie ilikuwaje.

Glenda


Jaro
Juni 3, 1997

Inday,

Dawa zako nimemwonyesha rafiki yangu, daktari wa moyo. Anasema ni sawa, upunguze chumvi, na uji wa mama mkwe uendelee bila samaki mkavu. Miguu kupungua ni dalili nzuri kweli. Nanay amewasha mshumaa, halafu amekuombea kwa sauti kubwa ili nimsikie mimi.

Nakusimulia.

Ilikuwa ile wiki ya kwanza, mchana, umeme umekatika na jenereta inakohoa. Nilikuwa nampima. Kwenye kioo figo hazikuwa zinafanya kazi, na damu yake ilikuwa imejaa sumu ambayo mkojo ungeitoa. Nilikuwa nautafuta mshipa mdogo wa figo ya kulia, nikaona yale mapigo ya rangi yanakuja polepole. Halafu polepole zaidi. Nilidhani mashine inazimika. Haikuwa mashine.

Daktari Sumagaysay alikuwa anambonyeza kifua kwa vidole. Akasema bila kugeuka, "Amebatizwa huyu?" Josefa akanipa kikombe cha maji ya kuchanganyia dawa, kwa sababu mikono ya wengine wote ilikuwa na kazi. Akaniuliza, "Jina?"

Kama ningekuwa na akili ningesema Eleuterio. Sikuwa nayo. Nilifungua mdomo, lililotoka ni lile. Nimewahi kulibeba jina hilo tumboni mara kadhaa, unajua, na kila mara nikarudi nalo nyumbani peke yake. Siku ile nilidhani namzika nalo. Sijui kama nilikuibia mtoto au nilimpa kitu cha mwisho nilichokuwa nacho. Nimelifikiria sana na bado sijui.

Moyo wake ukarudi. Josefa akaandika karatasi, akaibandika. Ningeweza kuibandua kesho yake, na kesho kutwa. Niliiacha.

Sasa figo. Ile ya kushoto imekufa, Glenda. Ilikuwa kubwa, sasa imenyauka imekuwa kama kokwa ya embe iliyokaa juani. Nilijua tangu Aprili. Ya kulia imekua kuliko figo ya mtoto wa umri wake, imeona mwenzake hayupo ikabeba mzigo wote. Mtu anaweza kuishi na figo moja mpaka uzee, ila ni lazima ichungwe. Homa kidogo ikimpata, mkojo upimwe. Shinikizo la damu litazamwe. Na apigwe picha mara kwa mara, tuone inakua au inasimama.

Ametoka hospitali. Yuko hapa kwangu, amelala chumba cha mbele, na Nanay ndiye anayemshika mchana.

Ndipo ninapofikia jambo lenyewe. Cuyo hakuna mtu wa kumpima. Moyo wako haujakaa sawa. Niachie mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, mpaka figo itulie na wewe utulie. Domingo amekubali kwa barua. Nanay amesema nisikuandikie hili, nami nimeandika.

Puring


Cuyo
Juni 20, 1997

Manang,

Nanay asiwashe mishumaa karibu na pazia. Sisi wazima.

Hapana.

Nimeliandika peke yake ili lisipotee katikati ya salamu.

Najua kila ulichosema ni kweli. Hakuna mtu wa kumpima, moyo wangu ni wa kubembelezwa, figo ni moja. Nimelia kwa ajili ya ile ya kushoto kama mtu aliyefiwa na mtoto pacha. Na ile habari ya kikombe cha maji nimeisoma nje, chini ya mkorosho, ili mama mkwe asinione. Sitasema tena kwamba uliiba. Lakini mwaka mmoja atakuwa ametembea, atakuwa amesema neno la kwanza, na neno lenyewe ninalijua litakuwa jina la nani.

Daktari ameniruhusu meli mwishoni mwa Julai bahari ikiwa tulivu, na Crisanto pembeni. Nakuja kumchukua mwanangu.

Usimkate nywele kabla sijafika.

Glenda


Jaro
Agosti 11, 1997

Glenda,

Crisanto alituma simu ya upepo kwamba mmefika salama, na moyo wako haukusumbua baharini. Nimeshukuru. Nanay amekwenda Guimbal kwa shangazi, anasema nyumba hii imekuwa na mwangwi.

Nakuandikia mambo ambayo hukunisikiliza ukiwa hapa. Si lawama, ulikuwa unamtazama yeye. Usimpe dawa yoyote ya maumivu bila kuniuliza, nyingine ni sumu kwa figo. Akiharisha, maji ya chumvi na sukari papo hapo, asikauke hata kidogo. Nepi ikikaa kavu tangu asubuhi mpaka mchana, mpeleke hospitali. Kwa picha, mlete Oktoba. Mwache Crisanto amlete kama wewe huwezi.

Pale bandarini alipolia akininyooshea mikono, ulinitazama kama vile nilikuwa nimemfinya. Niligeuka upesi kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine.

Kitanda kidogo nimempa jirani.

Umesema kwa adabu nije Cuyo wakati wowote. Sitakuja. Usinialike tena kwa adabu.

Puring


Cuyo
Septemba 16, 1997

Manang Puring,

Nanay mwambie mjukuu wake amenenepa mashavu mpaka shingo imepotea, hatapata umalkia wowote. Marivic anambeba kama paka, miguu inaburuta. Padri amemwandika majina yote mawili. Lipi litangulie tuligombana na Crisanto mpaka padri akatuambia tukamalizie nje.

Nimekaa na barua yako muda mrefu bila kuijibu. Nilikuwa sitaki kukuandikia jinsi zile wiki za kwanza zilivyokuwa. Nilikuwa nikimshika, anatazama mlango juu ya bega langu. Mtu akiingia, anageuka kwa furaha, akiona si yule, anarudi kulala begani. Nilifika mahali pa kuuonea wivu mlango. Nikawa nafunga. Crisanto akasema, "Joto litatuua humu," nikamwambia afe.

Juma lililopita alipata homa. Nilihesabu nepi kama ulivyosema. Ilikuwa kavu. Tukampeleka hospitali hapa, nikamshika daktari nguo, nikamwambia mkojo, pima mkojo, ana figo moja. Wakapima, umechafuka. Wakampa dawa ya sindano, na kabla hawajampa nilimfanya daktari anisomee jina la dawa na kunihakikishia haiumizi figo. Aliudhika. Homa imeshuka, sasa anakula, ananing'ata kidevu.

Lakini daktari hakuweza kuniambia ile figo imepata nini ndani. Alisema, "Mama, ningeweza kuona tu kama ningekuwa na mtu." Akanionyesha kwenye pembe ya chumba. Wana mashine, Manang. Wamisionari fulani wameileta mwaka huu, imefunikwa shuka, juu yake wameweka chungu cha maua. Hakuna anayejua hata inawashwa wapi. Akasema watoto wanaletwa hapa kutoka visiwa vyote vya jirani, wanavimba, hawakojoi, na yeye anabaki kubahatisha kwa vidole.

Nikasema, "Dada yangu ndiye anayeiendesha hiyo Iloilo."

Nilisema kwa majivuno. Nilijisikia mwenyewe. Halafu ule wivu ukaja nyuma yake, kama kawaida, kwamba hata hapa kwangu, kwenye kisiwa changu, mwanangu akiugua bado ni wewe unayetakiwa.

Daktari ametaka kujua kama ungekubali kuja kukaa miezi kadhaa, umpime huyu na uwafundishe wawili watatu wa hapa. Nimemwambia utakuja. Sikukuuliza kwanza, najua.

Hii si adabu. Adabu ilikuwa ile ya bandarini. Nakuambia kabisa, ukimshika nitakuwa natazama mikono yako. Akikukimbilia, nitaingia jikoni na nitakaa huko mpaka nipoe, na huenda siku nyingine nitakuambia neno baya mbele ya mama mkwe. Sijui litaisha lini. Chumba cha nyuma nimekifagia, kitanda ni kigumu, dirisha linatazama korosho.

Njoo hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Glenda